Mitungi ya Rekodi: Waliouiga Ukale kwa Udongo na Moto

Katikati ya karne ya 18 Ulaya ilishikwa na homa ya mitungi. Haikuwa mitungi ya kutekea maji. Ilikuwa ya mapambo, ya kupangwa juu ya meko, kwenye makabati ya vitabu na katika kumbi za wenye fedha. Homa hiyo ilianzia makaburini. Kusini mwa Italia watu walikuwa wakifukua vyombo vya kale vya udongo vyenye picha za mashujaa na miungu, wekundu juu ya weusi, na Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza mjini Naples, akavikusanya kwa mamia. Miaka ya 1760 Pierre d'Hancarville akaanza kuuchapisha mkusanyiko huo katika vitabu vikubwa vyenye picha za rangi, na mwaka 1772 British Museum ikaununua kwa zaidi ya pauni 8,000. Mfinyanzi ambaye asingeweza kamwe kufika Naples sasa alikuwa na kielelezo mezani kwake.

Yaliyofuata ni zaidi ya miaka 100 ya kushindana na ukale. Nimekusanya hapa mitungi iliyotia fora katika mashindano hayo. Mataji mengine yanapimwa kwa futikamba. Mengine ni hukumu yangu, na ninasimama nayo. Ninachokishikilia ni kwamba anayeiita mitungi hii nakala tu hajaangalia kazi iliyofanyika kwenye joko. Ili kukiiga chombo cha miaka 2,000 nyuma, wafinyanzi hawa walilazimika kugundua udongo ambao haukuwapo, rangi ambazo hazikuwapo, na hata kifaa cha kupimia moto.

Ya kwanza na adimu kuliko yote

Tarehe 13 Juni 1769, huko Staffordshire, Josiah Wedgwood alifungua kiwanda kipya alichokiita Etruria. Siku hiyo alikaa kwenye gurudumu la mfinyanzi akafinyanga mitungi sita kwa mikono yake, huku mshirika wake wa biashara, Thomas Bentley, akimzungushia gurudumu. Hawakufanya hivyo kwa maonyesho matupu. Wedgwood aliugua ndui utotoni, goti lake la kulia likaharibika, akashindwa kabisa kulisukuma gurudumu kwa mguu, na Mei 1768 mguu wenyewe ulikatwa. Kiwanda kilichokuja kujulikana dunia nzima kilizinduliwa na mfinyanzi wa mguu mmoja.

Mitungi ile ilichomwa ikatoka myeusi, ikapelekwa Chelsea, London, kupakwa picha nyekundu. Upande mmoja wanaonekana Hercules na wenzake katika bustani ya Hesperides. Picha hiyo ilitoka kwenye mtungi maarufu wa Hamilton, uliotengenezwa Athens mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo na ambao bado uko British Museum. Juu ya mitungi kuna pia maandishi ya Kilatini yanayotangaza kwamba sanaa za Etruria zimezaliwa upya. Wakati ule wengi waliamini kuwa vyombo vilivyofukuliwa Italia vilikuwa kazi ya Waetruski. Baadaye ilithibitika kwamba sehemu kubwa ilitoka Ugiriki kwa meli, au ilifinyangwa na Wagiriki waliohamia kusini mwa Italia. Wedgwood alikuwa akiifufua Athens bila kujua.

Kati ya sita, inajulikana minne tu iliyobaki. Mmoja wao ulipigwa mnada Christie's, London, mwaka 2016, kwa pauni 482,500. Serikali ya Uingereza ikauzuia kwa muda usitolewe nchini, fedha zikachangwa, na mtungi ukarudi Stoke-on-Trent, mji uliokimeza kiwanda cha Etruria, kwenye makumbusho ya wafinyanzi wa eneo hilo. Sina neno juu ya bei hiyo. Kwa mtu anayependa historia ya kazi za mikono, chombo kilichofinyangwa na mwenye kiwanda mwenyewe siku ya kwanza, tena kwa tarehe iliyoandikwa juu yake, hakina mbadala.

Mwaka huohuo Wedgwood alipata hataza ya namna yake ya kupaka picha, na ndiyo hataza pekee aliyowahi kuchukua maishani. Inafaa kueleza kwa nini aliihitaji. Mfinyanzi wa Athens hakutumia rangi. Alipaka usuli wa picha kwa uji mwembamba wa udongo uleule, akaacha maumbo ya watu wazi. Ndani ya joko aliruhusu hewa iingie, kisha akaizuia, kisha akairuhusu tena. Chombo kizima kikawa chekundu, kikageuka cheusi, halafu sehemu zilizoachwa wazi zikarudia wekundu wake, wakati uji uliokwisha kuyeyuka na kuwa kama kioo ukabaki mweusi. Ni mahesabu ya ajabu yaliyofanywa na watu wasio na kipimajoto. Siri hiyo ilikuwa imepotea. Wedgwood akaja kwa njia ya kinyume: alitengeneza udongo mweusi tii hadi ndani kwa kuchanganya madini ya chuma na manganizi, akaupa jina la basalti, kisha akaupaka wekundu juu na kuurudisha motoni. Jicho linaona kitu kilekile, lakini mikono ilitembea njia nyingine kabisa.

Uliosumbua kuliko yote

Hapa sina shaka: ni Mtungi wa Portland.

Asili yake si udongo. Ni kioo cha Kirumi cha mwanzoni mwa karne ya kwanza, cha buluu nzito inayokaribia weusi, kilichovishwa tabaka la kioo cheupe ambalo fundi alilichonga hadi yakabaki maumbo ya watu na miti. Urefu wake ni sentimita 24.5 tu. Hamilton alimuuzia mjane wa Duke wa Portland. Mama huyo alipofariki, mwanawe akaununua mnadani mwaka 1786, na mwezi Juni mwaka huo akamwazima Wedgwood aunakili.

Wedgwood hakuanza mikono mitupu. Zaidi ya miaka 10 nyuma alikuwa amebuni jaspa, kauri ngumu isiyong'aa inayopokea rangi hadi ndani, baada ya majaribio ya maelfu ya vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na namba yake na maelezo yake daftarini. Kiungo kikuu kilikuwa madini ya bariti kutoka migodi ya Derbyshire. Michongo myeupe hufinywa peke yake kwenye kalibu, kisha hubandikwa kwa maji kidogo juu ya mwili wa rangi kabla ya kuchomwa. Wakazi wa dunia nzima wanaijua kazi hiyo kwa ile buluu ya anga yenye miungu myeupe.

Lakini Portland ilikuwa mtihani mwingine. Kwenye kioo, pale fundi Mrumi alipoupunguza weupe, buluu ya chini inajitokeza kidogo na kuleta kivuli. Nguo inaonekana nyepesi, mwili unaonekana una nyama. Udongo haupitishi mwanga kirahisi namna hiyo. Ilibidi michongo ifanywe myembamba kupindukia, na wembamba huo ndio uliowaponza. Mitungi ilitoka jokoni ikiwa na nyufa, mingine ina malengelenge, mingine michongo imebanduka. Rangi ya usuli nayo ilikataa kufikia ule weusi wenye buluu ndani yake. Henry Webber na William Hackwood, wachongaji wa kiwanda, walirudia kazi mara kwa mara. Wedgwood alikuwa na kifaa alichokibuni mwenyewe cha kupima ukali wa moto kwa kuangalia kipande cha udongo kimesinyaa kiasi gani, kifaa kilichomwingiza Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1783. Hata nacho, ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Nakala ya kwanza iliyomridhisha ilipatikana mwaka 1789, na akampelekea rafiki yake, tabibu Erasmus Darwin. Wawili hao baadaye walikuja kuwa babu wa mtu mmoja, Charles Darwin. Mwaka 1790 nakala ilionyeshwa London kwa wageni wenye tiketi, na mchoraji Sir Joshua Reynolds akatoa ushahidi kwamba ilikuwa sawa na asili.

Nakala hizo zilipata kazi ambayo hakuna aliyeiombea. Tarehe 7 Februari 1845, kijana mmoja aliyekiri kuwa alikuwa amelewa kwa siku nyingi alichukua jiwe la kuchongwa ndani ya British Museum akalirusha kwenye kabati la mtungi wa asili. Kioo kilichodumu karibu miaka 1,800 kikawa vipande zaidi ya 200. Sheria ya wakati ule iliyohusu uharibifu wa mali ilikuwa na ukomo wa pauni 5, basi kijana akashtakiwa kwa kuvunja kabati badala ya mtungi. Alitozwa pauni 3 au kifungo, na mtu asiyetaka kutajwa akamlipia. Fundi wa makumbusho, John Doubleday, aliuunga mtungi mwaka huohuo, vikabaki vipande 37 visivyojulikana mahali pake. Umefumuliwa na kuungwa tena mara mbili, miaka ya 1940 na miaka ya 1980. Katika miezi ile ya 1845, aliyetaka kuuona mtungi huo ukiwa mzima ilimbidi autazame udongo wa Etruria.

Uliompendeza zaidi aliyeutengeneza

Wedgwood alikuwa mfanyabiashara hodari wa kusifu bidhaa zake, kwa hiyo sifa zake zinahitaji kupimwa. Hata hivyo kuna mtungi mmoja aliouandikia kwamba hajawahi kutengeneza ulio mzuri na kamili zaidi: Mtungi wa Pegasus, wa jaspa ya buluu iliyopauka, aliouzawadia British Museum mwaka 1786. Juu ya kifuniko amesimama farasi mwenye mabawa. Mwilini kuna mchongo wa John Flaxman unaoonyesha mshairi Homer akipandishwa daraja la miungu, kazi aliyoibuni mwaka 1778 kutokana na picha ya mtungi wa Kigiriki wa Hamilton. Kuna hoja nzuri katika kuupeleka pale: ulikwenda kukaa nyumba moja na mtungi uliouzaa.

Ninakubaliana na mwenye mali. Ukiutazama unaona kitu ambacho Portland haikuweza kumpa, yaani uhuru. Hapa hajafungwa na asili. Ameazima picha kutoka chombo kimoja, umbo kutoka vingine, rangi kutoka kichwani mwake, na vyote vimekaa pamoja bila ugomvi.

Mwaka uliofuata, jaspa hiyohiyo ilitumika kwa jambo kubwa zaidi ya mapambo. Hackwood alichonga kidani kidogo chenye Mwafrika aliyepiga magoti akiwa amefungwa minyororo, akiuliza kama yeye si binadamu na ndugu. Wedgwood alivigawa bure kwa wapinzani wa biashara ya watumwa, wanawake wakavivaa kama vipini vya nywele na bangili. Si mtungi, na hakimo katika mashindano haya. Lakini ni udongo uleule na mikono ileile, na msomaji wa Zanzibar au Bagamoyo ana haki ya kujua.

Mirefu kupita yote

Tuhamie Ufaransa, kwenye kiwanda cha Sèvres, kando ya Paris. Huko udongo ulikuwa porseleni, na porseleni ina ukatili wake: kwenye joto la karibu nyuzi 1,400 hulegea, husinyaa, na chombo kikubwa hujikunja chenyewe kwa uzito wake. Wafaransa waligundua udongo mweupe wa kaolini huko Saint-Yrieix, jirani na Limoges, mwaka 1768, na tangu hapo wakaanza kuota ukubwa.

Mwaka 1783 walitoa mtungi unaokaribia mita 2, kwa michoro ya mchongaji Louis-Simon Boizot. Uko Louvre. Haukuchomwa kwa mkupuo mmoja. Ni vipande vilivyochomwa mbalimbali na kuunganishwa kwa shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Pierre-Philippe Thomire, ambaye mapambo yake yanaficha maungio. Wapo wanaoona hiyo ni hila. Mimi naiona akili: palipokuwa na udhaifu ndipo alipoweka dhahabu.

Taji la urefu lakini linakwenda kwa Mtungi wa Neptune, uliotengenezwa Sèvres mwaka 1867 na kupewa jina la mungu wa bahari wa Warumi: mita 3 na sentimita 15. Bado umesimama kwenye makumbusho ya kiwanda hichohicho. Nyumba nyingi tunazoishi haziwezi kuuingiza, dari lingezuia. Hermitage ya St Petersburg ina chombo kizito zaidi, kile cha Kolyvan, chenye uzito wa tani 19, lakini hicho kimechongwa kwa jiwe halisi la jaspa kutoka Siberia. Jiwe haliogopi joko, hivyo halimo hapa.

Umbo lililoigwa zaidi katika kumbi za kifalme linatokana pia na jiwe: Mtungi wa Medici, marumaru ya kale ya karne ya kwanza iliyoko Uffizi, Florence, yenye umbo la kengele iliyogeuzwa mdomo juu na vishikio vifupi chini. Sèvres, Berlin na St Petersburg zote zililifinyanga kwa porseleni na kulijaza mandhari na dhahabu, na wafalme wakapeana zawadi.

Tukiwa Sèvres, rekodi ya uongozi: Alexandre Brongniart, mtaalamu wa miamba na madini, alikiendesha kiwanda kuanzia 1800 hadi kifo chake mwaka 1847. Alirithi pia hazina aliyoiacha mfalme aliyekatwa kichwa. Louis wa 16 alikuwa amenunua mamia ya vyombo vya Kigiriki kutoka kwa Vivant Denon na kuvipeleka kiwandani viwe shule ya mafundi.

Iliyobeba siasa nzito kuliko zote

Mwaka 1813 Sèvres ilikamilisha mtungi wa vishikio vya kujisokota, wenye urefu wa zaidi ya mita moja, uliochorwa na Antoine Béranger. Ukizunguka mwili wake unaona msafara unaoingia Paris: magari yamebeba sanamu za kale zilizochukuliwa Italia na majeshi ya Ufaransa, kwa ajili ya makumbusho yaliyopewa jina la Napoleon. Sanamu ya Laocoön imo. Msafara umechorwa kwa mtindo wa picha za Kigiriki, kana kwamba ni ushindi wa Athens. Miaka miwili baadaye Napoleon alianguka kabisa, na sanamu nyingi zikarudishwa Italia. Mtungi umebaki. Yeyote anayefuatilia mjadala wa leo kuhusu malikale za Afrika zilizoko Ulaya angefaa kuutazama, kwa sababu ni nadra mchukuaji kuchora uchukuaji wake mwenyewe kwa fahari namna hii, tena kwenye chombo kilichoigwa kwa hao waliochukuliwa mali.

Pacha wake kwa umbo alikwenda mbali. Mtungi wa Londonderry, uliobuniwa na msanifu Charles Percier na kupambwa maua na ndege, ulikamilika mwaka 1813 Napoleon akiwa madarakani. Mwaka 1814 Mfalme Louis wa 18, aliyerudishwa kwenye kiti, alimzawadia Castlereagh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza na mmoja wa waliopigania kumwangusha huyohuyo Napoleon. Sasa uko Art Institute ya Chicago, una sentimita 137, na kwa uzuri peke yake ningeuweka juu ya wa Béranger.

Sugu kuliko yote

Mtungi wa porseleni ukiuacha nje baridi kali ya Ulaya itaupasua. Eleanor Coade hakukubaliana na hali hiyo. Kuanzia mwaka 1769, mwaka uleule wa Etruria, aliongoza kiwanda huko Lambeth, London, kilichouza mitungi ya bustani, sanamu na mapambo ya majengo ya "mawe" ambayo kwa hakika ni kauri. Ndani ya mchanganyiko kulikuwa na udongo uliokwisha kuchomwa ukasagwa, pamoja na mchanga, gumegume na kioo kilichopondwa. Udongo uliokwisha kusinyaa mara moja hausinyai tena sana, kwa hiyo umbo kubwa lilitoka jokoni halijapinda, baada ya moto wa siku nne mfululizo. Simba mkubwa wa kauri hiyo ya Coade, wa mwaka 1837, bado amesimama kwenye Daraja la Westminster akinyeshewa, na michongo ya uso wake haijafutika, ilhali marumaru nyingi za umri huo jijini zimeliwa na moshi. Coade alifariki mwaka 1821. Mwanamke kumiliki na kuendesha kiwanda kwa miongo mitano katika enzi ile ni rekodi nyingine, na ningependa ingetajwa mara nyingi kama anavyotajwa Wedgwood.

Yenye maisha mafupi

Swansea, Wales, 1847. Lewis Llewelyn Dillwyn alianza kutengeneza mitungi ya udongo mwekundu wa eneo lake, yenye usuli mweusi na picha za Kigiriki, akisaidiwa na mkewe Bessie katika kuchagua na kunakili picha. Ilikuwa ya bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Wanunuzi hawakuja, na kufikia 1850 kazi ikasimama. Miaka mitatu tu. Wakusanyaji wa leo wanaitafuta kwa sababu hiyohiyo. Huko Copenhagen kiwanda cha Ipsen, kilichoanza 1843, kilijaribu wazo lilelile kwa udongo wa Denmark na kikadumu kwa vizazi.

Iliyookolewa kwa kasi kubwa

Mwaka 2014 mkusanyiko mzima wa makumbusho ya Wedgwood huko Barlaston, vitu na nyaraka zaidi ya 80,000, ulikuwa ukingoni mwa kuuzwa vipandevipande. Kampuni ilikuwa imefilisika, na mahakama ikaamua kwamba mali ya makumbusho inaweza kutumika kuziba pengo la mfuko wa pensheni wa wafanyakazi. Zilihitajika pauni milioni 15.75. Sehemu kubwa ilitoka kwa mifuko na wafadhili, zikabaki pauni milioni 2.74, nazo zikaombwa kwa umma. Zilipatikana ndani ya mwezi mmoja. Mkusanyiko ukakabidhiwa Victoria and Albert Museum lakini haukuhamishwa London. Uko Barlaston bado, na ndani yake kuna trei za vile vipande vya majaribio ya jaspa, na namba alizoziandika Wedgwood bado zinasomeka.